Maji yanasafiri ndani ya shehena na hakuna anayeyahesabu

Chukua meli moja ya ngano, zile kubwa za nafaka zinazobeba tani kama 60,000 kwa safari moja. Ukichungulia ndani unaona punje kavu tu, manake zikiwa na unyevu zinaota ukungu njiani. Lakini ile ngano ilipokuwa shambani ilikunywa maji, na kwa hesabu ya haraka wanayoitumia wataalamu, tani moja ya ngano inataka tani kama 1,000 za maji, saa nyingine zaidi. Kwaiyo nyuma ya meli yetu kuna tani milioni 60 za maji. Ungetaka kuyasafirisha maji yenyewe, ukakodi yale mameli makubwa ya mafuta ghafi yanayobeba tani 300,000, ungehitaji meli 200. Ndo maana hakuna nchi inayoagiza maji ya kumwagilia mashamba kwa meli ila karibu kila nchi inaagiza chakula, na ukiagiza chakula umeagiza maji, hata kama kwenye karatasi za forodha hayajaandikwa popote.

Mtu atauliza, sasa hayo maji yako wapi kama punje ni kavu? Yametoka kupitia majani. Mmea ili ukue lazima ufungue vile vitundu vidogo vya kwenye majani uingize hewa ya ukaa, na vikishafunguka maji nayo yanatoka kama mvuke, hakuna namna ya kuruhusu kimoja ukazuia kingine, yani mmea hauwezi kula bila kutoa jasho. Karibu maji yote ambayo mizizi inanyonya yanapita tu mle ndani na kupotelea hewani, yanayobaki kwenye punje ni kidogo mno. Alafu ule mvuke haurudi pale pale shambani, unachukuliwa na upepo ukadondoke mvua sehemu nyingine kabisa, pengine hata baharini huko. Watu wanapenda kusema maji hayaishi duniani, yanazunguka tu, na kwa dunia nzima ni kweli, ila kwa mkulima mwenye kisima pale bondeni yale maji ameagana nayo, na kama kisima chake kinahitaji miaka mia kadhaa ya mvua kijae tena basi wameyakosa na wajukuu zake. Na kitu kingine, jua likiwa kali na hewa ikiwa kavu mmea unapoteza maji mengi zaidi kwa kilo ile ile ya chakula. Hii ndo sababu biashara inaweza kuokoa maji, na pia ndo sababu inaweza kuyamaliza.

Aliyeliweka hili jambo mezani vizuri ni Tony Allan, profesa Mwingereza wa London aliyeichunguza Mashariki ya Kati kwa miaka mingi. Nchi nyingi za kule, maji ya kulima chakula cha kuwatosha watu wao yaliwaishia tangu miaka ya 1970, na watu wakawa wanaendelea kuongezeka, kila mchambuzi anatabiri vita vya maji. Allan akajiuliza mbona vita vyenyewe havitokei. Jibu lake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni kwamba maji yalikuwa yanaingia bandarini kila siku yakiwa ndani ya nafaka, tena yale yanayoingia Mashariki ya Kati kwa njia hiyo kwa mwaka ni mengi kuliko maji ya Nile yanayokwenda kwenye kilimo cha Misri. Mto mzima usioonekana, umepitia sokoni. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Maji ya Stockholm kwa kazi hiyo. Na alisema kitu ambacho naona watu hawakitilii maanani, kwamba wanasiasa hawana hamu ya kulitaja hadharani, manake ni kiongozi gani atasimama awaambie wananchi kwamba nchi yao haina tena maji ya kujilisha? Kwaiyo nafaka inashushwa, mkate unapatikana, mjadala unaahirishwa.

Baadaye akaja Mholanzi Arjen Hoekstra, ambaye kuanzia 2002 yeye na wenzake wakaanza kuhesabu zao kwa zao, nchi kwa nchi. Kwa miaka ya 1996 hadi 2005 walikuta kwamba karibu sehemu moja ya tano ya maji yote ambayo binadamu anatumia kuzalisha vitu yanakwenda kwenye bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, na kwamba kilimo peke yake kinabeba asilimia 92 ya matumizi yote. Bomba la jikoni na bafuni, ambalo ndo tunaambiwa kila siku tulifunge vizuri, ni sehemu ndogo sana ya hiyo picha. Hesabu nyingine ya miaka ya 1997 hadi 2001 ikaonyesha biashara ya mazao ilikuwa inaokoa karibu kilomita za ujazo 350 za maji kwa mwaka, ukilinganisha na kama kila nchi ingejilimia yenyewe kile inachoagiza. Inaeleweka, mahindi yanayolimwa kwenye mvua nzuri na mavuno makubwa yakienda nchi ambayo ingeyalima kwa taabu kwenye jua kali, kuna maji yamepona mahali.

Mimi hilo nalikubali kabisa na sina ugomvi na biashara. Shida yangu ni pale watu wanapoliongea kana kwamba soko lina akili ya kujua maji yako wapi, kwamba yanatoka penye mengi yanaenda penye machache. Hebu angalia Japan, nchi inayonyeshewa mvua za kutosha kabisa, lakini ni kati ya waagizaji wakubwa wa maji yaliyofichika ndani ya chakula, manake kilichowabana ni ardhi tambarare ya kulima. Australia nayo, bara kavu kuliko mabara yote yanayokaliwa na watu, linatoa nje maji mengi kuliko yanayoingia, kupitia ngano, nyama na pamba. Mnunuzi anaangalia bei na ubora, muuzaji anaangalia ardhi, ruzuku, mikopo, vibarua, barabara mpaka bandarini. Maji hayamo kwenye bei, au yamo kidogo sana, kwaiyo soko halina macho ya kuyaona.

Mfano ambao ukiuelewa vizuri mingine yote inakuwa rahisi ni Saudi Arabia. Nchi ile haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Ila chini ya mchanga kulikuwa na maji ya kale, yaliyoingia kwenye miamba maelfu ya miaka iliyopita enzi ambazo huko mvua zilikuwa zinanyesha vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaamua nchi ijitegemee kwa ngano, na ukiangalia wakati wenyewe unawaelewa, wao walikuwa wametoka kuyatumia mafuta kama silaha, wakajua kuna siku mwingine atatumia chakula. Mkulima akapewa ardhi, akapewa mkopo, akapunguziwa bei ya pampu, alafu akivuna serikali inamnunulia kwa bei iliyozidi ya soko la dunia mara kadhaa. Ukitazama picha za satelaiti za miaka ile unaona maduara ya kijani yamejipanga jangwani, kila duara lina kisima katikati na bomba refu lenye magurudumu linalokizunguka likimwaga maji usiku na mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wanavuna zaidi ya tani milioni 4 kwa mwaka, wakaingia kwenye kundi la wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Yani jangwa lilikuwa linauza maji nje, maji yasiyorudi, na kila tani iliyotoka bandarini ilitoka kwa hasara ambayo serikali yenyewe ndo ilikuwa inalipia.

Visima vikaendelea kushuka, chemchemi za kwenye oasisi zilizokuwa zinabubujika zenyewe tangu enzi za mababu zikakauka, na mwaka 2008 serikali ikatangaza kwamba itapunguza ununuzi wa ngano ya ndani kidogo kidogo hadi 2016 iwe imeacha. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila ng'ombe wa maziwa bado walikuwepo, na mashamba ya maziwa ya kule ni makubwa kwelikweli, wanakula alfalfa, majani ambayo kwa kunywa maji yanaipita ngano mbali. Serikali ikaja kubana na kilimo cha majani hayo. Basi makampuni yakaenda kuyatafuta nje. Mwaka 2014 kampuni ya maziwa ya Almarai ikanunua karibu hekta 4,000 za ardhi Vicksburg, Arizona, kwa dola milioni 47.5. Arizona! Jangwa lingine. Majani yanalimwa kwa maji ya chini ya ardhi ya jangwa la Marekani, yanakaushwa, yanafungwa marobota, yanapanda meli yanaenda kulisha ng'ombe waliopo jangwa la Uarabuni.

Wenyeji walipokuja kugundua walikasirika sana, na mwaka 2023 gavana Katie Hobbs akatangaza kusitisha mikataba ya kukodisha ardhi ya jimbo kwa kampuni tanzu ya Almarai kwenye bonde la Butler. Magazeti mengi yaliandika ile habari kama ya wageni kuja kuiba maji, na hapa mimi sikubaliani nao. Sheria ya Arizona ya mwaka 1980 inadhibiti uchotaji wa maji ya chini ya ardhi kwenye maeneo fulani tu, nje ya hapo, huko vijijini, ukiwa na ardhi na pampu unavuta utakavyo. Jirani Mmarekani alikuwa anavuta vile vile, kwa sheria ile ile, na majani ya magharibi ya Marekani yanauzwa pia China na Japan miaka yote. Kilichowavuta Waarabu pale ni kwamba maji yalikuwa bure kwa mwenye kisima kirefu zaidi. Ukimfukuza mmoja kwa sababu ya pasipoti yake ukaacha ile sheria ilivyo, kisima cha bibi mwenye nyumba jirani kitakauka tu, kitakaushwa na mtu mwingine.

Kinyume cha Arizona, ambako wenye pampu ni wachache na wana hela, ni Punjab ya India, ambako wakulima ni wengi na wadogo. Kule mchele haukuwa chakula chao kikuu, wao ni watu wa ngano, mpunga ulishika kasi na yale mapinduzi ya kilimo ya miaka ya 1960, serikali ikiahidi kununua mavuno kwa bei ya uhakika. Alafu tangu 1997 umeme wa pampu za wakulima ukawa bure. Sasa jiweke kwenye nafasi ya yule mkulima, mpunga una soko la uhakika, umeme haulipii, maji hayana bei, mazao mengine hayana mnunuzi wa kuaminika. Utalima nini? Utalima mpunga, tena utalijaza shamba maji mwezi wa tano jua likiwa kali kuliko wakati wote. Mpaka mwaka 2009 ikabidi watunge sheria ya kukataza kupandikiza miche kabla ya tarehe 10 mwezi wa sita, ili angalau mvua za monsuni ziwakute njiani. Ilisaidia kidogo, visima vikaendelea kushuka. Na India ndo muuzaji mkubwa wa mchele duniani, karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka ulikuwa wake kabla ya kuzuia aina fulani zisiuzwe nje mwaka 2023. Mchele ule ukifika sokoni nchi ya mbali unaonekana wa bei nafuu, na watu maskini wanaununua kwa sababu hiyo, siwalaumu hata kidogo, lakini unafuu wenyewe sehemu yake ni kisima cha mtu kinachokwenda chini kila mwaka, kinachimbwa tena, kinakwenda chini tena, mkulima anakopa anunue pampu yenye nguvu zaidi.

Kuna utafiti ulitoka 2017 wa Carole Dalin na wenzake, ambao kwangu ndo umeenda kwenye kiini kabisa. Wao hawakuhesabu maji yote, walihesabu yale tu yanayovutwa chini ya ardhi kwa kasi kuliko yanavyojazwa. Wakakuta asilimia 11 hivi ya maji hayo yanayotumika kumwagilia yanasafiri ndani ya chakula kinachouzwa nje ya nchi, na theluthi mbili ya hayo yanatoka nchi tatu tu, Pakistan, Marekani na India. Hapo ndo pa kuangalia, badala ya kuogopeshwa na lita.

Manake hizi namba za lita zinatembea sana mitandaoni na zinachanganya watu. Kilo ya nyama ya ng'ombe lita 15,400, kikombe cha kahawa lita 130, fulana ya pamba lita 2,500 na zaidi. Namba zenyewe zimetokana na kazi halali za akina Hoekstra, hazijabuniwa, ila mtu akizitoa peke yake zinadanganya. Kahawa kwa sehemu kubwa inakunywa mvua iliyodondoka pale pale mlimani, ungeng'oa mibuni ukaacha msitu nao ungekunywa mvua hiyo, hujaokoa mto wowote. Ng'ombe anayechunga kwenye nyika ambayo haiwezi kulimwa anakula majani ya mvua, zile lita zake nyingi ni mvua. Kilo moja ya kitu chenye lita chache kilichomwagiliwa kutoka kwenye kisima kinachokufa inaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kilo ya kitu chenye lita elfu kumi za mvua. Lita moja na lita nyingine hazilingani, inategemea imetoka wapi na nani alikuwa anaihitaji.

Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ni ushahidi wa hilo. Lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, likilishwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Kuanzia miaka ya 1960 Wasovieti wakaongeza mifereji ya kuichepusha ile mito ikamwagilie pamba, mifereji mingine imechimbwa kwenye udongo mtupu bila kusakafiwa kwaiyo maji mengi yanazama njiani kabla hayajafika shambani. Pamba ikastawi, ikauzwa, ziwa likaanza kurudi nyuma. Moynaq ulikuwa mji wa bandari wenye kiwanda cha kusindika samaki, na maji yalipoondoka wakawa wanaletewa samaki waliogandishwa kwa treni kutoka bahari za mbali ili kiwanda kisifungwe na watu wasikose kazi. Hebu fikiria hiyo, mji wa wavuvi unaletewa samaki kwa treni. Kufikia 2007 ziwa lilikuwa limebaki kama sehemu moja ya kumi ya eneo lake, na ile ardhi iliyobaki wazi ina chumvi na mabaki ya dawa za pamba, upepo ukivuma vumbi lile linaingia kwenye mapafu ya watu na kwenye mashamba yao. Kazakhstan ilijenga bwawa la Kok-Aral mwaka 2005 upande wa kaskazini, maji yakapanda, samaki wakarudi kule. Upande wa kusini ambako pamba bado inakunywa hali haijabadilika hivyo. Na aliyevaa ile pamba miaka yote hiyo, iwe Moscow au kwingineko, hakuwahi kuambiwa.

Tusisahau na upande wa mnunuzi. Ukishategemea maji ya mwenzako unategemea na hali yake ya hewa na siasa zake. Mwaka 2010 Urusi ilipigwa na joto na ukame mkali, mwezi wa nane ikafunga mauzo ya ngano, bei ikaruka dunia nzima. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikafunga bandari za nchi hiyo kwenye Bahari Nyeusi, na nchi ya Misri, ambayo ngano yake nyingi ilikuwa inatoka Urusi na Ukraine, ikaanza kuhangaika kutafuta kwingine kwa bei ya juu. Jibu la kila nchi kujilimia kila kitu ndo lile lile la Saudi, na tumeona lilivyoishia. Bora kununua kwa wauzaji wengi tofauti na kuwa na maghala ya kutosha miezi kadhaa, ni gharama, ila akiba ya nafaka inajazwa tena msimu ujao, ya maji ya kale haijazwi.

Sasa nani alipie? Hapa kuna pendekezo ambalo nalipenda, la Mesfin Mekonnen, Hoekstra na Robert Becht mwaka 2012, kuhusu maua ya ziwa Naivasha nchini Kenya yanayouzwa Ulaya. Walihesabu ua moja la waridi lita 7 hadi 13 za maji. Hawakusema maua yasilimwe, manake kuna ajira za maelfu ya watu pale, na hawakusema mkulima apandishiwe bei ya maji peke yake, manake mnunuzi mkubwa atahamia nchi nyingine kesho yake asubuhi. Wao walisema nyongeza ndogo iwekwe kwenye bei ya ua huko mwisho kabisa, dukani Ulaya, anapolipa mteja, alafu ile hela irudi kwenye bonde lenyewe ikasimamie maji, na ua lipewe cheti kinachoonyesha hivyo. Pesa nyingi ya ua iko kule mwisho, kwaiyo ndo kule inakoweza kukatwa bila mtu kuumia.

Ningetaka kuona hilo kwenye mchele wa Punjab na majani ya Arizona pia, japo mchele ni mgumu zaidi manake wanunuzi wengi ni watu wenye kipato kidogo, pale nadhani serikali ya India ianzie kwenye mnunuzi wake mkuu ambaye ni yeye mwenyewe, inunue mtama na kunde kwa bei ya uhakika kama inavyonunua mpunga, wakulima watahama bila kusukumwa. Na kama tutaweka lebo kwenye bidhaa basi tuachane na lita. Iandikwe maji yametoka mto gani au kisima cha bonde gani, na kama miaka kumi iliyopita kina chake kimepanda au kimeshuka.